Barua ya wazi kwa wamiliki wa gereji na wakuu wa usalama kazini: fundi asiachwe peke yake kuamua kwamba joto limezidi

Waheshimiwa wamiliki wa gereji, mameneja wa karakana, wasimamizi wa zamu, na ninyi mliokabidhiwa sheria za usalama na afya mahali pa kazi,

Ninawaandikia nikiwa fundi wa magari niliyeishi na kazi hii kwa miaka mingi, kwanza kama mwanagenzi wa kushika taa na kukabidhi spana, kisha makenika wa injini na giaboksi, na sasa msimamizi wa zamu. Ninaandika mapema, kabla msimu wa joto kali haujafika, kwa sababu msimu ukishaingia hakuna mwenye nafasi ya kusoma barua: magari hupangana hadi nje ya lango, simu hazinyamazi, na kila jambo lisilo gari huahirishwa. Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi. Ninaomba uamuzi wa kupumzika, kunywa maji na kusimamisha kazi wakati wa joto uondolewe mabegani mwa fundi mmoja mmoja na uwe kanuni ya karakana yenyewe, na muda unaotumika kwa ajili hiyo ulipwe kama muda wa kazi.

Sikulifikia ombi hili kwa kusoma. Katika gereji moja niliyowahi kufanya kazi, kijana aliyekuwa katika siku yake ya pili alipewa kazi ya kusaidia kushusha giaboksi ya lori. Ulikuwa mchana, mabati yakialika kwa kutanuka, naye alikuwa amevaa ovaroli nzito ya kuazima. Alilala chini ya lori kwa muda mrefu bila kulalamika. Nilipomwomba spana namba 19 alinipa kitambaa, na nilipomwomba tena alinikodolea macho kama mtu anayesikia sauti kutoka mbali. Wenzetu walicheka, na mmoja akauliza kama kijana amekunywa. Nilimuuliza anajisikiaje, naye akajibu, "Niko sawa, fundi." Dakika chache baadaye alijikokota kutoka chini ya lori, akasimama, akaanguka magotini, na hakuweza kutaja jina lake. Tulimbeba nje penye kivuli na upepo, tukamvua ovaroli, tukammwagia maji yote tuliyokuwa nayo na kumpepea kwa maboksi ya vipuri mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Alipona, lakini hakurudi tena katika ufundi.

Jibu lake lile ndilo ninalowaomba mlitafakari. Kijana hakusema uongo. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba joto la ndani ya mwili lisizidi nyuzi 38 katika zamu ya saa nane. Likifika nyuzi 40 au zaidi, ubongo wenyewe huanza kushindwa: mtu huchanganyikiwa, hukasirika bila sababu, husema maneno yasiyoungana, hupepesuka, na huweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Hicho ndicho kiharusi cha joto, nacho huua. Maana yake ni kwamba kiungo tunachokitegemea kutamka "imetosha" ni miongoni mwa vile vinavyoharibika mapema, na hata kabla ya kufika huko, mtu aliyepungukiwa maji na aliyechoka kwa joto hukosea hesabu ya hatari, huharakisha, husahau kuweka stendi chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Kanuni inayosema "ukijisikia vibaya, pumzika" inampa jukumu mtu ambaye wakati huo hana tena uwezo wa kulibeba.

Watu wengi wanaopanga masuala ya joto kazini hulifikiria jua. Humfikiria mjenzi aliye juu ya nyumba na mkulima aliye shambani, nao wana haki kabisa ya kufikiriwa. Lakini fundi wa gereji, kwa kuwa ana paa juu ya kichwa, huhesabiwa kuwa yuko kivulini. Paa hilo mara nyingi ni mabati yasiyo na dari, yanayonyonya jua tangu asubuhi na kuliteremsha kama mnururisho, yaani joto la miale, mchana kutwa, juu ya sakafu ya zege inayolitunza joto hilo hadi jioni. Kisha kila gari linaloingia huja na tanuri lake. Maji ya rejeta ya injini iliyotoka barabarani huwa karibu na nyuzi 90, ekzosi huwa na joto la mamia ya nyuzi, na boneti ikifunguliwa joto hilo humpiga fundi usoni na kifuani akiwa ameinama. Anayetengeneza nyaya chini ya dashibodi yuko ndani ya chumba kidogo cha vioo, na gari lililofungwa likiachwa juani joto lake la ndani huweza kupanda kwa takribani nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu. Aliyelala chini ya gari hapati upepo wowote. Mchomeleaji ana moto wake mwenyewe. Mpiga rangi amejifunga ndani ya suti isiyopitisha jasho, hatua chache kutoka chumba cha kukaushia rangi ambacho huendeshwa kwa nyuzi kama 60.

Juu ya hayo yote kuna joto ambalo fundi analizalisha mwenyewe. Misuli hubadili takribani robo tu ya nguvu inayoitumia kuwa kazi, na sehemu yote inayobaki huwa joto linalopaswa kutoka nje ya mwili. Sisi tunaofungua injini kila siku tunalielewa jambo hili pasipo kuelezwa, kwa kuwa injini nayo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto, na ndiyo sababu ina rejeta. Rejeta ya mwanadamu ni jasho, na tena si jasho lenyewe bali kukauka kwake juu ya ngozi. Pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka tu mpaka sakafuni bila kukauka, mwili ukapoteza maji na chumvi huku joto likibaki ndani. Ndiyo maana fundi aliyelowa chapachapa hawezi kuhesabiwa kuwa anapoa.

Kwa sababu hiyo kipimajoto kinachotundikwa ukutani karibu na meza ya mapokezi, ambako mara nyingi kuna kiyoyozi cha wateja, hakimlindi mtu yeyote. Kipo kipimo kinachofaa, nacho si kigeni: kilibuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi za mafunzo ya kijeshi za Marekani, ambako vijana walikuwa wakianguka na kufa kwa joto. Hutumia kipimajoto chenye utambi uliolowa, ambacho huonyesha kama jasho litaweza kukauka, pamoja na kingine kilicho ndani ya tufe jeusi, ambacho huonyesha mnururisho kutoka kwenye paa na mitambo. Ndani ya jengo, saba ya kumi ya jibu hutokana na utambi uliolowa na tatu ya kumi hutokana na tufe. Vifaa vya mkononi vinavyofanya hesabu hiyo vipo. Nawasihi kipimo kichukuliwe pale fundi alipo: kando ya gari lililoinuliwa, ndani ya shimo la ukaguzi, karibu na chumba cha rangi, saa nane mchana, siku ambayo kazi imejaa. Na kwa mtu aliyevaa suti isiyopitisha mvuke, wataalamu huongeza takribani nyuzi 10 juu ya kipimo, jambo ambalo peke yake linatosha kuonyesha kwamba mpiga rangi hawezi kufuata ratiba ileile ya mapumziko kama anayebadilisha matairi.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo mzizi wa tatizo ulipo, nako ni kwenye malipo. Siku za joto kali ndizo siku ambazo gereji hupata wateja wengi zaidi, kwa sababu joto lilelile linalomchosha fundi huchemsha injini, hupasua mipira ya rejeta, hudhoofisha betri na kufichua kila kiyoyozi cha gari kilichopungukiwa gesi. Mteja anafika amechoka, ana watoto nyuma, anataka gari lake leo. Meneja anamwahidi saa kumi. Fundi analipwa kwa kipande, yaani kwa gari au kwa kazi iliyokamilika, na muda uliowekwa kwa kazi hiyo ni uleule uliowekwa kwa siku ya baridi. Katika mpangilio huo, robo saa ya kukaa kivulini inatoka mfukoni mwa fundi. Akipumzika mara nne, amepoteza gari moja, na mwenzake aliyevumilia amelipata. Hapo hata bango zuri la ukutani lenye picha ya glasi ya maji halina nguvu, maana fundi amekwisha kupiga hesabu yake kabla hajalisoma.

Kwa hiyo, mwajiri anayetaka kweli kuwalinda watu wake aanzie kwenye karatasi ya kazi. Siku kipimo kinapovuka kiwango kilichokubaliwa, muda wa kila kazi uongezwe, na fundi alipwe kwa mapumziko yale kwa wastani wa kipato chake cha kawaida. Mapumziko yatangazwe na msimamizi, wote wakae pamoja, ili asiwepo mmoja anayeonekana mvivu na mwingine shujaa. Kazi nzito kama kushusha injini, giaboksi na ekseli ziwekwe alfajiri au jioni, na mchana ubaki wa uchunguzi wa hitilafu, karatasi na kazi nyepesi. Gari lililotoka barabarani lipewe muda wa kupoa boneti ikiwa wazi, jambo ambalo pia humwepusha fundi na yale maji yanayofumka pindi mtu anapofungua kizibo cha rejeta yenye moto. Mteja aambiwe ukweli tangu mlangoni: leo kuna joto kali, gari lako litakuwa tayari kesho asubuhi. Nimewaambia wateja maneno hayo mara nyingi, na wanaokasirika ni wachache kuliko tunavyoogopa.

Ninajua kwamba mwenye gereji naye ana mikopo, kodi na mishahara ya kulipa, na sisemi kwamba anayofanya ni kwa roho mbaya. Lakini hesabu ya kwamba mapumziko ni hasara haisimami. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya mwaka 2025 inaeleza kwamba uzalishaji hupungua kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja juu ya 20 katika kipimo kile cha utambi na tufe. Kwa lugha ya karakana, fundi aliyelemewa na joto tayari anafanya kazi polepole, anakaza nati kwa nguvu isiyo sahihi, anasahau kujaza mafuta ya breki, na gari linarudi. Gharama hiyo inalipwa sasa hivi, ila hakuna anayeiandika.

Kuhusu wageni wa kazi nitazungumza kwa uzito, kwa ajili ya yule kijana. Vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo kabisa, na mamlaka ya usalama kazini ya Marekani husema karibu nusu hutokea siku ya kwanza yenyewe. Sababu yake inajulikana. Mwili huzoea joto kwa muda wa wiki moja hadi mbili, ukijifunza kutoa jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi na lenye chumvi kidogo, na mazoea hayo hufifia mtu akikaa mbali na joto kwa wiki moja au zaidi. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba mgeni asikae katika joto zaidi ya asilimia 20 ya muda wa zamu siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Fundi mzoefu anayerudi kutoka likizo au ugonjwa aanze na asilimia 50, kisha 60, kisha 80, na siku ya nne arejee kamili. Wimbi la kwanza la joto katika mwaka huwafanya wote kuwa wageni. Lakini mazoea yetu ya karakana yako kinyume kabisa: mgeni ndiye anayetumwa chini ya lori, ndiye anayesukuma magari yaliyozima, ndiye anayebeba matairi, na ndiye asiyethubutu kusema hapana. Katika barua yote hii, kama mtachukua jambo moja tu na kulitekeleza wiki hii, nawaomba liwe hili.

Maji ni jambo linaloonekana jepesi, lakini ndani ya gereji lina mikunjo yake. Kiasi kinachoshauriwa ni takribani robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, pasipo kuzidi lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi nayo huzimua chumvi ya damu na kudhuru. Chakula cha kawaida hurudisha chumvi kwa wengi, na vinywaji vyenye chumvichumvi za mwili hufaa kwa kazi ya jasho jingi ya saa nyingi. Tatizo letu ni mikono. Fundi mwenye grisi hadi viwikoni hawezi kwenda kunywa kila robo saa ikiwa sabuni iko upande mmoja wa karakana na maji ya kunywa upande mwingine, kwa hiyo ataahirisha mpaka kazi iishe. Sehemu ya kunawa na maji baridi ya kunywa viwekwe pamoja, karibu na magari. Viwekwe pia vyoo safi vyenye faragha, kwa maana nimewajua mafundi, hasa wanawake walioingia katika kazi hii, ambao hujinyima maji kwa makusudi kwa sababu hawana pa kwenda. Kuna hatari nyingine ambayo haina budi kukomeshwa leo: kuweka dawa ya rejeta, maji ya betri au mafuta ya breki katika chupa za vinywaji. Dawa ya rejeta iliyozoeleka ina ladha tamu na ni sumu inayoharibu figo. Mtu mwenye kiu kali, aliyeanza kuchanganyikiwa, hunywa kwanza na kutazama baadaye.

Nimetaja figo kwa sababu madhara ya joto si kuanguka tu. Katika mashamba ya miwa ya Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Nicaragua, maelfu ya wakata miwa, wengi wao wakiwa vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamepata ugonjwa sugu wa figo, na kazi nzito katika joto pamoja na upungufu wa maji wa kila siku ni miongoni mwa sababu kuu zinazotajwa. Fundi anayekojoa mkojo wa rangi nzito kila jioni kwa miaka kumi hana sababu ya kujiona yuko salama eti kwa kuwa hajawahi kuzimia.

Upepo wa feni husaidia, lakini una mipaka yake. Ngozi ya mtu aliye katika joto huwa karibu na nyuzi 35, na hewa iliyozidi hapo hupeleka joto mwilini badala ya kuliondoa, hivyo faida yote hubaki katika kukausha jasho. Hewa ikiwa ya moto sana na kavu, feni inaweza kumwongezea mtu mzigo. Kinachosaidia zaidi ni kuzuia joto lisiingie: dari chini ya mabati, rangi nyeupe juu ya paa, matundu ya juu yanayoitoa hewa ya moto, mabomba ya kuvuta moshi wa ekzosi hadi nje, na chumba kimoja kilichopozwa ambamo watu watapumzika kwelikweli.

Hapa ninawaonya wale ambao, kwa nia njema, watafunga milango ili kiyoyozi kifanye kazi. Gereji iliyofungwa yenye injini inayounguruma hujaa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani zilezile za uchovu wa joto. Mtu akilalamika kichwa siku ya joto, wenzake watampa maji na kumlaza palepale, ndani ya hewa ileile inayomuua. Majaribio ya viyoyozi vya magari, ambayo huhitaji injini kuwaka kwa muda mrefu, yafanyike nje kwenye kivuli au kwa bomba la kutolea moshi, na kifaa cha kutambua gesi hiyo kiwepo kila mahali panapofungwa. Mvuke wa petroli na viyeyushi nao huongezeka kwa joto, ni mzito kuliko hewa, na hutuama katika shimo la ukaguzi, mahali ambapo fundi hujificha akidhani pana ubaridi.

Joto pia huvua watu kinga. Miwani hujaa ukungu, glovu hujaa jasho, barakoa ya rangi hubana pumzi, na fundi mmoja baada ya mwingine huviweka pembeni. Sitawalaumu kirahisi, lakini jasho hupunguza ukinzani wa ngozi dhidi ya umeme, na magari ya umeme na ya mseto, yaani ya mafuta na umeme kwa pamoja, tunayozidi kuyapokea yana betri za volti mamia kadhaa. Kazi hizo haziwezi kufanywa bila glovu maalumu, kwa hiyo jibu ni zamu fupi na mwenzi anayetazama, na zikishindikana, kazi isubiri kesho.

Kila karakana iwe na watu waliofundishwa huduma ya kwanza ya joto katika kila zamu, na vifaa vyake viwe tayari kama mtungi wa kuzimia moto. Mtu aliyechanganyikiwa au kuanguka siku ya joto ahesabiwe kuwa ana kiharusi cha joto hadi mganga aseme vinginevyo. Apozwe kwanza, huku msaada ukiitwa: nguo za nje zivuliwe, azamishwe katika maji baridi kichwa chake kikishikiliwa, na pasipo na beseni kubwa amwagiwe maji mfululizo, apepewe, na vitambaa vilivyolowa maji ya barafu viwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Asipewe kinywaji kama hana fahamu timamu. Asiachwe peke yake. Kumrundika garini na kumkimbiza bila kumpoza ndilo kosa ambalo nasi nusura tulifanye, na nusu saa ya mwanzo ndiyo inayoamua mengi.

Ninawageukia sasa ninyi wa mamlaka. Mwezi Juni 2022 nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani zilikubaliana kwamba mazingira salama na yenye afya kazini ni miongoni mwa kanuni na haki za msingi za mfanyakazi. Mwaka 2024 shirika hilohilo lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.41 hukabiliwa na joto la kupindukia kila mwaka, na kwamba majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970 kwa mwaka huhusishwa nalo. Kanuni zinazotekelezeka zipo tayari. Qatar iliamua mwaka 2021 kwamba kazi isimame pale kipimo cha utambi na tufe kinapovuka nyuzi 32.1, saa yoyote ile. California, tangu Julai 2024, inawabana waajiri hata ndani ya majengo: joto likifika takribani nyuzi 28 kuwe na maji, mahali pa kujipoza na uangalizi wa wageni, na likifika nyuzi 31 hatua ziongezwe. Ninayataja hayo ili kuonyesha kwamba neno "ndani" linaweza kuandikwa katika sheria ya joto bila uchumi kuanguka.

Ninachowaomba ni sheria zenu zitaje karakana kwa jina, zitaje kipimo na mahali pa kukichukulia, na zikataze malipo ya kipande kumnyang'anya fundi mapumziko yake. Wakaguzi waje mchana wa msimu wa joto. Ajali iliyotokea katika joto kali iandikwe pamoja na joto la siku hiyo, kwa sababu leo fundi aliyeponyokwa na jeki huandikwa kwamba amepondwa, na aliyezimia huandikwa kwamba moyo ulisimama, kisha tunaambiwa hakuna takwimu. Fundi anayetoa taarifa alindwe asifukuzwe. Na gereji ndogo za watu wawili watatu, ambazo hazina meneja wala mkataba ulioandikwa, zifikiwe kwa mafunzo, vifaa vya kuazima na miongozo katika lugha wanayoielewa kabla ya kufikiwa kwa faini, maana humo ndimo wanamofanya kazi mafundi wengi tunaowazungumzia.

Mkilipokea ombi hili, naomba jibu lenu lisiishie katika faili. Liandikwe kwa herufi kubwa na kutundikwa pale penye ubao wa kazi, likionyesha kipimo cha leo, saa za mapumziko, jina la msimamizi mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na maneno yanayosema wazi kwamba mapumziko hayo yanalipwa, ili hata aliyeanza kazi asubuhi hii ayasome kabla hajaingia chini ya gari.

Wenu katika kazi,
Fundi wa magari na msimamizi wa zamu